Uzio wa umeme: fedha hupotea baada ya waya kufungwa

WAFANYABIASHARA wengi wa Kariakoo hawalazi mzigo wao Kariakoo. Fremu ya mtaa wa Congo, Msimbazi au Aggrey ni ndogo na kodi yake ni kubwa, na juu ya kodi mara nyingine kuna kilemba. Humo huwekwa mauzo ya siku chache tu. Mzigo wenyewe, yaani kontena la vitenge, la viatu, la vyombo vya plastiki au la vipuri vya pikipiki, hushushwa stoo: Gerezani, Chang'ombe, Kurasini, Vingunguti, au pembezoni mwa Barabara ya Nyerere. Huko ndiko mtaji unakolala, na huko ndiko uzio wa umeme umepata wateja.

Juu ya kuta za matofali, palipokuwa pakichomekwa vipande vya chupa na baadaye seng'enge ya miba, sasa hupita nyaya nyembamba sita, nane au kumi, na kibao cha njano chenye alama ya radi. Mwenye mali akitazama ukuta wake kutoka barabarani huridhika. Hata hivyo, waya unaoonekana barabarani haumwambii kama mashine iliyoko ndani inafanya kazi, wala haumwambii ni nani atakayeitikia kengele saa nane usiku. Mambo hayo mawili ndiyo yanayotofautisha ulinzi na pambo la ukuta, na ndiyo ambayo hayaandikwi kwenye ankara nyingi za mafundi.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa vitenge ambaye amekodi stoo yenye kiwanja cha mita 50 kwa 30. Mfano huu ni wa kubuni, lakini hakuna hatua hata moja ndani yake ambayo fundi wa kazi hii ataishangaa. Mzunguko wa ukuta ni mita 160. Kwa nyaya nane anahitaji mita 1,280 za waya, na kwa nguzo moja kila mita tatu anahitaji nguzo kama 54. Fundi anafunga kazi hiyo mwezi Januari, jua likiwa kali na ardhi kavu. King'ora kinajaribiwa mara moja mchana mbele ya mwenye mali, kinalia, watu wanapeana mikono na fedha zote zinalipwa siku hiyo hiyo.

KINACHONUNULIWA NI DAKIKA

Uzio wa umeme haukubuniwa kwa ajili ya wezi. Miaka ya 1930 mkulima wa New Zealand, Bill Gallagher, alichoka na farasi aliyekuwa akijikuna kwenye gari lake, akaunganisha umeme kwenye gari hilo ili kumfukuza. Kutokana na jambo hilo ilizaliwa kampuni ambayo hadi leo inatengeneza mashine hizo. Nyingi nyingine zinazoingia Afrika Mashariki hutoka Afrika Kusini na China.

Mashine hiyo, ambayo mafundi huiita enejaiza, hutuma kwenye waya mpigo mmoja wa umeme karibu kila sekunde. Volti zake huwa kati ya 6,000 na 10,000, lakini mpigo ni mfupi mno na nguvu yake ni ndogo. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, IEC 60335-2-76, kinataka mpigo mmoja usizidi joule 5 na usifuatiwe na mwingine kabla ya sekunde moja kupita. Aliyeguswa huruka nyuma, lakini haachwi amenaswa. Ndiyo maana kuunganisha waya wa ukutani moja kwa moja na umeme wa TANESCO wa volti 230, jambo ambalo mwenye mali mwenye hasira hushawishika kulifanya, si namna ya bei nafuu ya kupata uzio. Huo ni mtego wa kuua. Atakayenasa anaweza kuwa mtoto anayefuata mpira au fundi wa bati wa jirani, na mwenye stoo atajibu kesi ya jinai.

Upande wa pili wa mashine ndio wenye thamani zaidi. Kila mpigo unapotoka, mashine husubiri kuuona ukirudi mwisho wa waya. Waya ukikatwa, mpigo haurudi. Waya ukiegemezwa ngazi ya chuma au ukibanwa na mwenzake, volti hushuka. Mipigo kadhaa ikikosekana kwa mfululizo, mashine hupiga king'ora na kutuma ujumbe kwenye simu.

Mwizi mwenye blanketi nene, ngazi ya mbao na muda wa kutosha atapita. Kazi ya uzio ni kumchelewesha na kumtaja. Mnunuzi basi ananunua dakika tano au kumi kati ya kengele na mlango wa stoo kuvunjwa, na dakika hizo zina faida iwapo kuna mtu wa kuzitumia.

Wanaojua hivyo kuliko wengine ni wahifadhi wa wanyama. Uzio wa umeme wa milima ya Aberdare nchini Kenya, ulioanza kujengwa mwaka 1989 chini ya taasisi ya Rhino Ark na kukamilika mwaka 2009, una urefu wa karibu kilomita 400. Waya huo haukuachiwa mashine. Watu wamegawiwa vipande vyao, huvipitia kwa miguu, hufyeka majani yanayogusa waya na kupima volti. Mfanyabiashara mwenye mita 160 tu ambaye tangu afungiwe uzio hajawahi kuuzunguka hana sababu ya kushangaa siku atakapoukuta umekufa.

CHUMVI, MCHANGA NA LUKU

Uzio wa umeme una miguu miwili: waya ulio juu na ardhi iliyo chini. Mtu akigusa waya, umeme hupita mwilini mwake hadi ardhini na kurudi kwenye mashine kwa njia ya vyuma vilivyozikwa, ambavyo mafundi huviita ethi rodi. Ethi ikiwa mbovu, mpigo hauna njia ya kurudi, na uzio unaosoma volti 8,000 kwenye kioo cha mashine humfinya mwizi kama siafu tu.

Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ni mchanga, na mchanga mkavu ni ethi mbaya. Chuma kimoja cha mita moja hakitoshi. Kazi ya kuridhisha huwa na vyuma visivyopungua vitatu, virefu, vilivyoachana mita kama tatu, vikizikwa mahali panapopata maji, kwa mfano karibu na mfereji wa paa. Vilevile ethi hiyo isichanganywe na ile ya umeme wa nyumba wala ya simu; kiwango cha kimataifa kinataka ziachane mita 10. Zikichanganywa, mipigo hurudi ndani na kuharibu kompyuta, mashine za risiti na kamera. Mwenye mali humlaumu TANESCO.

Tatizo la pili ni hewa ya bahari. Kurasini na Gerezani ziko jirani na maji ya bandari. Chumvi hula waya wa chuma uliopakwa zinki kidogo, na hujijenga juu ya vishikizo vya plastiki vinavyotenga waya na nguzo. Mchana ikiwa kavu haionekani. Usiku umande ukishuka chumvi hiyo hupitisha umeme, vishikizo huanza kutoa cheche na sauti ya kutatarika, na volti hushuka bila mtu kugusa kitu. Waya wa alumini au wa chuma kisichoshika kutu ni ghali zaidi siku ya kununua. Kwa stoo iliyo karibu na bahari, kukwepa gharama hiyo ni kuiahirisha tu kwa misimu michache ya mvua.

La tatu ni umeme wenyewe. Mashine ndogo ya wati 15 inayowaka saa 24 hula uniti 10.8 kwa mwezi. Kwa shilingi 292 kwa uniti, bei ambayo TANESCO imekuwa ikiwatoza wateja wa kawaida kabla ya kodi na tozo, hiyo haifiki shilingi 4,000. Gharama si kikwazo. Kikwazo ni kwamba stoo haina mtu anayelala ndani, na mita yake ni ya LUKU. Uniti zikiisha Jumamosi jioni hakuna anayeona taa ikizimika. Betri ya kawaida iliyomo ndani ya mashine, ya volti 12 na saa 7 za ampea, ina wati-saa 84. Kwa mashine hiyo ya wati 15 ni saa tano na nusu kwenye karatasi, na pungufu ya hapo betri ikishazeeka kwa joto. Ikifika usiku wa manane ukuta ni wa matofali tu.

Hesabu hiyo ilikuwa chungu zaidi wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla bwawa la Julius Nyerere halijaanza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Betri iliyokuwa ikikatiwa umeme saa nyingi kila siku ilichoka kabla ya wakati wake. Ambaye hajabadilisha betri yake tangu miezi ile ana kila sababu ya kuipima wiki hii.

MIPANGILIO NDIYO KAZI

Turudi kwenye stoo ya vitenge. Januari fundi aliweka kiwango cha kengele kwenye volti 6,000, yaani volti zikishuka chini ya hapo mashine ilie. Siku ile waya ulisoma 8,500 na kila kitu kilikuwa sawa. Machi masika yakaanza. Vishikizo vililowa, mti wa mwembe wa jirani ulishusha tawi, na usiku wa kwanza wa mvua kubwa volti zilishuka hadi 5,500. King'ora kililia saa saba usiku. Mlinzi alizunguka na tochi, hakuona mtu. Kililia tena saa nane, na saa tisa. Usiku wa pili jirani mwenye watoto alikuja kugonga geti. Usiku wa tatu mlinzi alimpigia simu mwenye mali: "Bosi, hii kitu inalia ovyo, watu hawalali." Bosi, akiwa usingizini Tabata, akajibu: "Izime basi, nitamwita fundi." Fundi alikuwa na kazi Bagamoyo. Uzio ulizimwa na ukabaki umezimwa.

Hakuna kifaa kilichoharibika katika mfano huo. Waya ni mzima na mashine ni nzima. Kilichokosekana ni nusu siku ya kazi ya kupanga mashine kulingana na mahali ilipo.

Kiwango cha kengele hakiwekwi kwa kubahatisha wala kwa kufuata kilichokuja kutoka kiwandani. Volti hupimwa kwa kipimo cha mkononi mwisho wa waya, si kwenye mashine, mara mbili: mchana mkavu, na usiku wa umande au mara baada ya mvua. Kengele huwekwa chini ya kile kipimo cha usiku, kwa nafasi ya kutosha. Kama kipimo cha usiku ni cha chini mno kiasi kwamba hakuna nafasi, dawa yake ni kurudi kwenye vishikizo, ethi na matawi. Kuishusha kengele mpaka isisikie kitu ni kuuziba mdomo wa mlinzi.

Lipo pia suala la idadi ya mipigo. Mashine ikipangwa kulia kwa mpigo mmoja uliokosekana, kunguru wa Dar es Salaam watailiza kutwa. Ikisubiri mipigo mitatu hivi, ndege ameshapita na mwizi bado yuko ukutani. Aidha, king'ora kipangwe kunyamaza baada ya dakika chache huku taa ikiendelea kumweka, kwani mtaa uliochoshwa na kelele hauamki tena.

Geti hutaka fikra zake. Malori ya kontena huingia usiku, kwa sababu mchana njia za katikati ya jiji hazipitiki. Kama uzio wote ni kipande kimoja, kufungua geti ni kuzima ukuta mzima, na mzigo wa futi 40 huchukua saa kadhaa kushushwa. Uzio uliogawanywa vipande vinne huzima kipande cha geti peke yake na vitatu vinabaki macho. Faida nyingine ni kwamba kengele inapolia humtaja mlinzi upande wa kwenda: nyuma, jirani na uchochoro, badala ya kumfanya azunguke mita 160 gizani. Mashine ya vipande vingi ni ghali kuliko ya kipande kimoja, na kama kuna mahali pa kuongeza fedha katika kazi hii yote, ni hapo kabla ya kuongeza waya wa tisa na wa kumi.

Mwisho ni namba za siri. Mashine nyingi hutoka kiwandani na namba inayojulikana na kila fundi wa mji. Ibadilishwe siku ya makabidhiano, na mlinzi apewe yake tofauti na ya mwenye mali, ili kumbukumbu ya mashine ionyeshe nani alizima na saa ngapi.

LAINI YA NANI?

Ujumbe wa kengele husafiri kwa laini ya simu iliyochomekwa ndani ya mashine. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ukamilishwe Januari 2020, kila laini ina mwenyewe mwenye namba ya NIDA. Fundi mwenye haraka huchomeka laini aliyoisajili kwa jina lake. Baada ya mwaka mmoja amehama kazi au amegombana na mteja, laini imefungwa kwa kukaa bila kutumika, na mwenye stoo hawezi kuirudisha kwa sababu si yake. Laini hiyo isajiliwe kwa jina la mwenye mali au kampuni yake, iwekewe salio kwa utaratibu ule ule wa kulipia LUKU, na itume ujumbe mmoja wa majaribio kila siku saa ile ile. Siku ujumbe usipofika, mtu ajue kuna kitu.

Ujumbe ufike kwa nani? Zamani jibu lilikuwa mtaani. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa na kuyapa makundi ya sungusungu nguvu ya kisheria, na mwaka 1990 Augustine Mrema, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliyasukuma katika mitaa ya Dar es Salaam. Baada ya soko huria kampuni za ulinzi zilishika nafasi hiyo, na leo baadhi yao huuza huduma ya kituo cha udhibiti chenye gari la kukimbilia kengele. Ada yake hulipwa kila mwezi, na ndiyo wengi huikata kwanza biashara ikilegea.

Anayetaka kuikata afikirie njia. Kutoka Tabata hadi Kurasini, hata usiku, ni mbali kwa mtu aliyeamshwa na simu, na si busara kwake kwenda peke yake kukutana na watu wenye mapanga. Mlinzi mmoja mwenye rungu naye hapaswi kutarajiwa zaidi ya kupiga simu na kujificha. Kabla ya kusaini na kampuni, mwenye mali ana haki ya kujua gari linalala wapi usiku, linahudumia kengele ngapi, na kujaribu bila kutoa taarifa. Namba ya kituo cha polisi cha eneo iwe kwenye orodha, pamoja na 112 na ile ya Zimamoto, 114.

KARIAKOO KWENYEWE HAKUNA UKUTA

Mwenye fremu Kariakoo anayesoma haya atauliza uzio wake uwe wapi. Majengo yameshikana bega kwa bega, mbele ni barabara iliyojaa meza za machinga, nyuma ni uchochoro wa nusu mita. Mpaka wake uko juu na pembeni: paa, dari, na ukuta anaoshirikiana na fremu ya jirani. Mwizi wa Kariakoo hana haja ya kupanda ukuta wa umeme. Hukodi au huingia fremu ya pili, akatoboa dari au tofali, akatokea ndani huku makufuli ya mlango wa mbele yakiwa mazima.

Kwa hiyo fedha ya waya hapo ielekezwe kwenye sumaku za milango, vifaa vya kunusa mtikisiko kwenye ukuta wa pamoja, na vya kuona mwendo vilivyowekwa juu ya dari na si chini yake tu. Juu ya paa kubwa la gorofa moja miale isiyoonekana kati ya nguzo mbili hufanya kazi ya uzio, mradi wapangaji wote wakubaliane kwamba baada ya saa fulani hakuna anayekwenda paani kuanika nguo. Makubaliano hayo ni magumu kuliko ufungaji. Yamekuwa magumu zaidi tangu utaratibu wa biashara za saa 24 uzinduliwe Kariakoo mapema mwaka 2025, maana jengo moja linaweza kuwa na fremu iliyofunga saa 12 jioni na nyingine inayouza usiku kucha.

Vifaa hivyo hivyo vina nafasi ya kipande cha moshi, na kukiacha tupu ni uzembe. Soko kuu la Kariakoo, jengo la msanifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 10, 2021. Miezi sita baadaye, Januari 16, 2022, liliungua soko la Karume. Moto yote miwili iliwaka usiku, wenye mali wakiwa majumbani.

BIMA INASOMA KUMBUKUMBU

Stoo ya vitenge iliingiliwa Mei, usiku wa mvua, kwa upande wa uchochoro. Mwenye mali hakuhangaika sana asubuhi ile, kwa kuwa alikuwa na bima ya wizi wa kuvunja. Kwenye fomu ya maombi, ili apunguziwe ada, alikuwa ameandika kwamba stoo ina uzio wa umeme wenye kengele. Mkaguzi wa hasara alipofika aliomba mashine ifunguliwe. Kumbukumbu yake ilionyesha tarehe na saa ilipozimwa, na kwamba haikuwashwa tena.

Hapo ndipo mfano unapofika penye fedha kubwa kuliko gharama ya uzio wote. Kinachoandikwa kwenye fomu ya bima ni ahadi. Aliyesema ana kengele na akaizima bila kumjulisha mwenye bima amempa sababu ya kukataa au kupunguza madai, ilhali aliyesema hana kengele angelipa ada kubwa zaidi na kubaki na madai yake. Vilevile bima ya wizi wa kuvunja mara nyingi hudai dalili za kuvunja. Mzigo uliotolewa mchana na karani kwa funguo halali, robota moja leo na moja kesho, haumo, na uzio hauuoni. Huo unahitaji bima ya uaminifu wa wafanyakazi na, kabla ya bima, daftari la stoo linalohesabiwa na mtu mwingine.

Wenye kuongeza kamera wakumbuke Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sura za watu ni taarifa binafsi, anayezikusanya kwa ajili ya biashara anatakiwa kujisajili kwa Tume inayosimamia sheria hiyo, na kamera inayochungulia uani kwa jirani ni ugomvi unaokuja.

HESABU YA UJIRANI

Bei za waya na mashine hutofautiana duka kwa duka, na punguzo hupatikana kwa anayenunua kwa roli. Punguzo kubwa zaidi liko kwenye ramani. Stoo mbili za mita 50 kwa 30 zilizoshikana kwa upande mrefu, kila moja ikijizungushia uzio wake, zinahitaji mita 320. Zikizungukwa kwa pamoja zinahitaji mita 220. Mita 100 za ukuta, nguzo zake na nyaya zake nane, zimeokolewa, na mkataba wa gari la kengele unagawanywa kwa wawili. Kila mmoja hubaki na kipande chake na namba yake ya siri. Wenye stoo zilizopangana hununua mchele na saruji kwa pamoja bila matatizo. Hili wameliacha kwa sababu hakuna anayetaka jirani ajue ana mzigo kiasi gani, na hofu hiyo haina msingi, kwani waya hauhesabu mabelo.

Kwa mwenye mtaji mdogo anayetafuta kazi, faida ya kufunga nyaya inapungua kadiri mafundi wanavyoongezeka. Matengenezo ndiyo yenye uhaba: kupita kila mwezi, kuosha vishikizo kwa maji baridi, kufyeka, kupima ethi na betri, kuandika vipimo kwenye daftari linalobaki kwa mteja. Wateja ishirini wa namna hiyo katika eneo moja ni kipato kisichotegemea kontena la mtu. Leseni ya EWURA ya kazi za umeme ni ya lazima, na wateja wameanza kuwa na haki ya kuiuliza. Afrika Kusini, kanuni za mwaka 2011 zilikwenda mbali zaidi na kudai cheti kwa kila uzio wa umeme unaofungwa.

Mnunuzi naye ana silaha moja ambayo hairudi akishaitoa, nayo ni malipo ya mwisho. Sehemu yake ibaki mkononi mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Usiku mmoja baada ya hapo, bila kumwambia mlinzi wala kampuni ya ulinzi, ashike waya wa kona ya mbali kwa kijiti kikavu na kuubana na mwenzake, atazame saa yake, na asubiri aone simu ya nani italia kwanza na gari litafika baada ya dakika ngapi.